Shemeji Aliyebaki Nje

Haki ya Mungu, kama kuna neno moja la uongo hapa, ulimi wangu ukatike leo hii mbele yenu!

Miaka kumi na tisa nimelinda meli za abiria kwa bunduki. Maharamia wakinisikia nakohoa tu, wanageuza boti. Kazi hiyo hiyo nikamtafutia shemeji, mume wa dada yangu. Siku tunaondoka dada alinishika shati akaniambia nimrudishe mzima.

Jua lilikuwa linazama. Nikampelekea shemeji chai kwenye zamu yake, juu, nyuma ya meli. Hajashika hata kikombe... king'ora. Boti mbili zinakuja mbio.

Utaratibu wetu ni huu: mlinzi mmoja anabaki juu anapiga risasi za kutisha. Mwingine anawaficha abiria kwenye chumba cha chuma, chini, karibu na injini. Akishafunga, hafungui mpaka nahodha apige simu ya ukutani. Hata aje mama yake mzazi.

Shemeji akabaki juu. Mimi nikashusha abiria mia nne, wengine nimewabeba begani. Nikakaza makomeo yote.

Joto. Jasho. Harufu ya dizeli... halafu harufu nyingine, kama tope la chini kabisa ya bahari.

Nikageuka.

Shemeji amekaa kwenye kona.

Ameloa chapachapa, hana bunduki. Bibi mmoja abiria anamfunika shuka, anampa pole. Nikamuuliza kapita wapi. Akatabasamu tu.

Juu, risasi zikalia. Pa. Pa.

Sasa anayepiga ni nani?

Kimya... Kisha, ngo, ngo, ngo.

"Shemeji," sauti nje ya mlango, inahema. "Risasi zimeniishia. Fungua."

Ni yeye kabisa, na kikohozi chake cha sigara. Nikashika komeo. Mkono ukatua juu ya wangu, baridi kama samaki wa kwenye barafu.

"Ukifungua," akaninong'oneza yule wa ndani, "utampelekea dada yako mume yupi?"

Mimi, simba wa maji, nikaliachia komeo. Wa nje akamwita dada yangu kwa jina, mara mbili. Akakwaruza chuma.

Akanyamaza.

Nikajiambia utaratibu ni utaratibu.

Nahodha alipopiga simu, alisema maharamia hawakupanda kabisa. Waligeuza wenyewe, wanapiga mayowe, hajui waliona nini. Nje ya mlango nikakuta bunduki ya shemeji, tupu, mtutu bado wa moto. Na alama za kucha kwenye rangi. Mtu hakuna. Nahodha akahesabu walinzi: wawili, sawa.

Nikamrudisha nyumbani. Dada ananisifu mtaa mzima. Anasema mumewe siku hizi mpole, hatoki, ila godoro lake halikauki, wanalianika kila siku. Na sasa dada ana mimba ya miezi saba.

Kwa hiyo nawaomba, mkiinuka hapa, hili mliache hapa hapa. Likimfikia dada, ataniuliza mumewe aliita nini pale mlangoni.