Mafao ya Marehemu Stanley

Khalfani alikutwa kalalia meza yake, kalamu bado iko mkononi, kisogo kimepasuliwa. Karani wa mishahara huyo. Mtu ambaye watu kibao walikuwa wanamngoja afungue dirisha awalipe, na sasa dirisha ndo hivyo tena.

Inspekta Fakihi alisimama mlangoni, hakugusa kitu. Mtoto wa Temeke huyu, nusu ya watu waliojazana getini anawajua sura. Na walikuwa hawalii. Walikuwa wanapiga kelele.

"Afande! Tunalipwa au hatulipwi?"

Enzi hizo viwanda vilikuwa vinauzwa kama mitumba. Hiki cha magunia, pale Kurasini, kilishafungwa, mashine zimenyamaza, wamebaki watu watatu tu: Khalfani wa mishahara, Apolinari bwana utumishi, na mzee Twaha mlinzi. Kazi yao moja, kuwamalizia wenzao kiinua mgongo na mafao mengine, halafu na wao wafunge geti waende makwao.

Koplo Didas akaonyesha sakafuni. Rungu. Kichwa chake kina damu iliyoganda.

"La mlinzi hilo, afande. Na jana mchana kamwambia marehemu mbele ya umati, usiponilipa wiki hii nakuvunja kichwa. Kesi imekwisha hii."

"Mwili kaukuta nani?"

"Huyo huyo mlinzi. Alfajiri, kaona taa imekesha."

"Kwa hiyo kaua, halafu kaja kutuita?"

"Ujanja tu huo, afande."

Redio ya gari ikakoroma. Mkuu wa polisi wa wilaya. "Fakihi, mtu unaye, silaha unayo. Saa nane mchana huyo mzee awe mahakamani. Kosa la mauaji."

Mauaji maana yake kamba. Fakihi akatazama saa yake, akapeleka rungu kwa wataalamu wa alama za vidole, akaenda mahabusu.

Mzee Twaha kachuchumaa kwenye kona, kofia kaipakata.

"Shikamoo, mzee."

Twaha akashtuka. Tangu alfajiri hakuna aliyemwamkia, kaitwa muuaji tu. "Marahaba, mwanangu."

"Ulimwambia Khalfani utamvunja kichwa?"

"Nilimwambia. Hata mke wangu namwambiaga. Mvi hizi zimeniotea pale getini, nishamvunja nani?"

"Rungu lako jana lilikuwa wapi?"

"Magharibi nililiegemeza kibandani. Siswali na rungu mie. Natoa salamu, nageuka, halipo. Nikajua vijana wa getini wananitania."

"Na ndani alikuwepo nani?"

"Khalfani na bwana Apolinari. Basi. Yule mwanamke alishatoka kabla ya adhana."

"Mwanamke gani?"

"Raudha wa Mwananyamala. Mjane wa Stanley, aliyekuwa idara ya mitambo. Kaja kuuliza mafao ya mumewe, kaongea na Khalfani pale dirishani, katoka analia."

Fakihi akakunja uso. "Raudha, mumewe Stanley?"

"Stanley jina la kazini, mwanangu. Alisilimu alipomuoa, mtaani tukimwita Shabani. Ofisini hakubadilisha. Alisema ukibadili jina ofisini, mafao yako yanapotelea kwenye mafaili."

Fakihi hakungoja kingine. Gari mpaka Mwananyamala, nyuma ya hospitali, chumba na ukumbi, mwanamke mwembamba anachambua mchele. Alipoambiwa Khalfani kafa, ungo ulimponyoka, mchele wote chini.

"Mie nimetoka eda juzi Ijumaa, kaka," alisema alipoweza kusema. "Miezi minne na siku kumi sijatia mguu hata barazani. Jana ndo nikasema ngoja niende. Khalfani kaniangalia weee. Kaniambia, 'Dada, mbona ulishalipwa? Faili linasema ulikuja mwenyewe, wiki ya pili baada ya msiba.' Nikamwambia, nije vipi na mie nimo ndani? Kasema nenda nyumbani, hili nalimaliza leo leo."

"Alimtaja mtu?"

"Hakumtaja."

"Vaa, dada. Twende wote."

Kituoni ilishakaribia saa nane. Karandinga la mahakama liko nje, injini inanguruma, Twaha kishafungwa pingu. Majibu ya rungu yalishakuja kwa simu. Didas akasoma alichoandika huku anajikuna shingo. "Mpini hauna alama hata moja, afande. Hata za mlinzi mwenyewe hamna."

"Rungu lake la kila siku, alishike bila vidole?"

Didas akaacha kujikuna. "Mtu kaufuta."

"Mwambie dereva wa karandinga azime gari. Niletee Apolinari."

Apolinari alikuja na tai yake, suruali imenyooka. Kwenye korido alimkuta Raudha kakaa benchi. "Sista, nisogezee miguu basi," alisema, akapita.

Akakaa. Fakihi akamsogezea maji.

"Bwana Apolinari, hebu nifundishe. Mfanyakazi akifa, mafao yake mnalipaje?"

Alama ya kwanza ya tabasamu. Hapo umemgusa kwenye kazi yake. "Tuna utaratibu, Inspekta. Mrithi analeta cheti cha kifo na barua ya balozi wa nyumba kumi. Na mimi simlipi mtu wa kutumwa. Mjane lazima aje mwenyewe, nimwone kwa macho, aweke dole gumba mbele yangu."

"Hata wa Stanley?"

Tabasamu likabaki, macho yakaondoka. "Hata wa Stanley."

"Alikuja lini?"

"Wiki ya pili baada ya msiba."

"Unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Mama mnene hivi. Gauni jeusi, rozari mkononi, analia. Nilimpa pole mimi mwenyewe."

"Ukimwona leo utamjua?"

"Bila shaka."

"Didas! Mwite dada."

Raudha akaingia, ushungi umemfika kifuani, akasimama karibu na mlango. Apolinari akamtazama, akamtazama Fakihi, akarudi kwa Raudha.

"Unamjua?"

"Simjui. Nimempita hapo nje."

"Ndo mjane wa Stanley huyo. Mwislamu, na Stanley mwenyewe kafa Mwislamu, nyie kwenye mafaili tu ndo mlibaki naye na ubatizo wake. Wiki ya pili baada ya msiba huyu dada alikuwa eda. Hakutoka nje hata kwenda kwa jirani. Sasa nani alikuja kwako na rozari?"

Maji kwenye glasi hayajaguswa.

"Lile dole gumba tukilipima, Apolinari, litakuwa la nani?"

Apolinari akaitazama mikono yake kama si yake. "La kwangu," akasema, taratibu sana.

Raudha akajishika mdomo.

"Na Khalfani?"

"Aliniambia nirudishe mpaka asubuhi, la sivyo anawaambia watu wa getini. Angesema polisi, ningekubali. Watu wa getini, afande! Umewaona walivyo na njaa? Wangenichoma moto na tai yangu. Nikatoka nje kuvuta hewa, mzee kasujudu, rungu lile pale. Niliporudi Khalfani alikuwa anaandika. Hakugeuka."

"Ulitoka kuvuta hewa, ukarudi umemwachia mzee wa watu kamba shingoni?"

Hapo jasho likamtoka, na sauti ikapanda. "Mimi nimewapangia watu mishahara yao yote! Likizo, nauli za kwao, mkopo wa baiskeli, msiba wa mtu, uzazi wa mtu, vyote vimepita kwa mkono wangu. Kiwanda kinafungwa, nauliza yangu, naambiwa wewe uliazimwa kutoka wizarani, nenda wizarani. Wizarani wananiambia wewe mtu wa kiwanda. Kila mtu ana mafao, hata mfagizi. Mimi sina hata senti. Stanley alishakufa. Nikasema huyu hatakuja kudai."

"Stanley hakuja," alisema Raudha. "Nimekuja mie."

Apolinari akainamisha kichwa. Didas akamfunga pingu zile zile, bado zina joto la mikono ya Twaha.

Nje jua kali. Mzee Twaha alikuwa anajisugua vifundo vya mikono, karandinga limeondoka tupu.

"Nenda nyumbani, mzee. Umemalizana na sisi."

"Na rungu langu?"

"Kielelezo hilo, mzee. Linabaki."

Twaha akaitikia kwa kichwa. Akaenda hatua chache, akasimama, akageuka.

"Mwanangu, karani kafa. Bwana utumishi mmemfunga." Akavaa kofia yake vizuri. "Sasa mafao yangu kesho namdai nani?"

Fakihi akatazama njia ya Kurasini. Getini pale kiwandani wale watu walikuwa bado wanangoja, anajua, na yeye ndo atakayetumwa kwenda kuwaambia dirisha halifunguliwi.