Hita ya Samaki

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Viola alipitia sebuleni. Alipangusa kioo cha tangi, akanyunyiza chakula kidogo juu ya maji, kisha akasimama kuwatazama samaki wake wakipanda kugombania chembe. Walikuwa wadogo kama kidole, wenye mikia mipana iliyopepea majini. Nyanya yake, ambaye nyumbani wote walimwita Kogo, alizoea kuuliza kutoka chumbani, "Viola, wameamka hao watoto wako?"

"Wameamka, Kogo. Wanakusalimia."

"Waambie mimi bado miguu inakataa."

Miguu ya Kogo ilikuwa imevimba tangu mwanzo wa mwaka. Ndiyo maana alitolewa shambani katika kijiji cha Kwanza akaletwa mjini Kitale, akae karibu na hospitali. Hakuweza kwenda hatua bila kushikwa mkono. Siku za Jumamosi, Baba alikuwa safarini na lori la mahindi na Mama alikuwa sokoni akiuza mitumba. Viola ndiye aliyebaki na Kogo.

Samaki wale walitoka Bungoma, kwa Mjomba Festus, kaka yake Mama, ambaye alifuga samaki wa mapambo kwa miaka mingi. Bungoma kuna joto na samaki walinawiri. Lakini baridi ya Julai ilipoishika Kitale, walijikunyata chini ya tangi, wakakataa kula. Mjomba alipopata habari, alikuja na hita, kifaa cha kioo cha kupasha maji joto, chenye urefu wa rula na waya mweusi mwishoni.

"Sikiza vizuri, mpwa wangu," alisema. "Hiki kifaa kinaishi ndani ya maji. Maji ndiyo yanakipoza. Ukikitoa nje kikiwa na stima, kitachoma kama pasi iliyosahauliwa. Ukitaka kubadilisha maji, zima ukutani, chomoa plagi, ngoja kipoe, ndipo ukiguse. Na huu waya uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji likiufuata lianguke sakafuni, lisiingie kwenye stima."

"Nimesikia, Mjomba."

"Si kusikia tu. Hebu rudia."

Viola alirudia neno kwa neno, na Mjomba akaenda zake ameridhika.

Mwanzoni Viola alifuata yote. Lakini kungoja hita ipoe kulimchosha. Siku moja aliichomoa majini bila kuizima, akaiweka upesi kwenye ndoo ya maji, na hakuna lililotokea. Mara nyingine akafanya vivyo hivyo, na tena hakuna lililotokea. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini taabu yenyewe haikuwa imefika bado.

Ilifika Jumamosi moja. Viola alikuwa amekwisha kupunguza maji ya tangi kwa kikombe, na ndoo ilikuwa barazani ikiwa imejaa. Mara rafiki yake Sandra akachungulia mlangoni akihema.

"Viola, niaje! Mwalimu wa kwaya ameleta sare mpya, ziko kwetu. Si ukuje ujaribu yako kabla zile ndogo ziishe, bana!"

"Nangoja nimalize hapa."

"Utapata kubwa kama hema, shauri yako!"

Viola aliitazama hita. Nusu yake ilikuwa tayari nje ya maji. Aliivuta kwa waya, akailaza juu ya kitambaa cha kufuma kilichofunika mkono wa sofa. Swichi ya ukutani hakuigusa.

"Kogo, narudi sasa hivi!" alisema, akakimbia.

Kwa kina Sandra, wasichana walikuwa wakivaa na kuvua, wakichekana. Viola alipata sare iliyomkaa sawasawa. Alikuwa akijigeuza mbele ya kioo aliposikia kelele nje. Mtu alipiga yowe, "Moto! Moto kwa kina Viola!"

Alitoka mbio hivyo hivyo na sare ya kwaya. Moshi mweusi ulikuwa ukimiminika kutoka dirisha la sebule. Kutoka chumba cha ndani alimsikia Kogo akikohoa, kikohozi kirefu kisicho na nafasi ya kupumua.

Viola alinyakua ile ndoo barazani akataka kuingia. Mkono ulimshika begani kwa nguvu.

"Wacha maji! Stima bado iko!"

Alikuwa Hiram, fundi wa stima aliyeishi nyumba ya mwisho ya ploti yao ya nyumba za kupanga. Alikimbia hadi kwenye kisanduku cha ukutani, akaishusha swichi kuu. Kisha alichukua shuka iliyoanikwa nje, akaichovya kwenye ndoo, akajifunika kichwa, akaingia akitambaa, kwa sababu karibu na sakafu moshi ulikuwa mwepesi. Majirani walikimbilia mchanga na ndoo. Viola alimwita Kogo kwa sauti.

Hiram alitoka amembeba Kogo mgongoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Watu ndipo walipoanza kumwaga mchanga na maji, mpaka moto ukafa. Sofa ilibaki waya na majivu. Dari ilikuwa nyeusi. Tangi lilipasuka kwa joto, na samaki wote walikuwa wamekufa.

Kogo alilazwa hospitalini, akawekewa mpira wa hewa puani. Jioni ile Baba alirudi kutoka safari, uso umekunjamana.

"Viola, ile hita ulikuwa umeizima?"

"Ndiyo, Baba," alisema Viola, akiangalia chini.

Kesho yake mwenye ploti, Mzee Vijay, alikuja kuona hasara. Alisimama mbele ya ukuta uliokuwa umeungua, akaitazama soketi iliyoyeyuka.

"Hiram, nyaya za nyumba hii ulifunga wewe," alisema kwa upole.

"Ndiyo, Mzee. Na nilizipima."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Umeokoa mtu. Lakini nina nyumba nyingine, na watu wanalala ndani. Siwezi kukupa kazi tena mpaka nijue moto ulitoka wapi."

Baba hakuwa mpole. "Mama yangu anapumua kwa mashine, Hiram! Hiyo kazi yako ndiyo karibu imuue. Ati ulipima!"

Majirani walisikia wote.  Hiram aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji, akaondoka polepole. Viola alikuwa amesimama mlangoni. Alijua ukweli, lakini aligeuka akarudi ndani.

Siku chache baadaye alikwenda na Baba hospitalini. Baba alibaki nje akizungumza na daktari, Viola akaingia wodini peke yake. Kogo alikuwa amekonda, sauti yake imekwaruza.

"Yule kijana aliyenibeba, mkono wake umepona?"

"Bado, Kogo."

"Namwombea kila siku. Nilimwambia aniache, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Akasema, 'Shikilia, mama, tunatoka wote.'"

Viola aliinamisha kichwa kwenye shuka, akalia mpaka mgongo ukatikisika. Halafu akasema yote. Alisema juu ya hita na kitambaa, juu ya swichi aliyoiacha, na juu ya uongo aliomwambia Baba. Alisema pia jinsi Hiram alivyoaibishwa mbele ya watu.

 Kogo aliuweka mkono wake kichwani pa mjukuu wake.

"Umeniambia mimi," alisema. "Lakini si mimi ninayelaumiwa. Nenda ukamwambie baba yako kabla hamjaondoka hapa."

Baba alikuwa kwenye benchi la nje. Aliposikia, alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Viola alingoja kupigwa kelele, lakini Baba aliuliza tu kwa sauti ya chini, "Ungenyamaza mpaka lini?"

"Niliogopa, Baba."

"Na mimi kwa hasira yangu nimemtukana mtu aliyemtoa mama yangu motoni." Aliinuka. "Twende. Kosa ni letu sote wawili."

Walimpitia Mzee Vijay dukani kwake, wakaenda pamoja hadi kwa Hiram. Baba aliita majirani kwanza, kisha akavua kofia.

"Ndugu yangu Hiram, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba msamaha."

Viola alisonga mbele. Alisema kwa kinywa chake mwenyewe kila alichokifanya. Hiram aliwaongoza hadi sebuleni. Palipokuwa na mkono wa sofa, alifukua majivu, akapata vipande vya kioo na ncha ya waya. Alipokwangua masizi kwenye soketi, plagi ilikuwa bado imeganda ndani yake, na swichi ilikuwa imewashwa.

"Basi nimejua," alisema Mzee Vijay. "Hiram, kesho uje ufunge nyumba hii upya. Na zile nyingine zinakungoja."

Kogo aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mjomba Festus alikuja kutoka Bungoma kumjulia hali. Alisema alijutia jambo moja, kwamba mambo ya stima aliyaeleza kwa mtoto peke yake, bila kuwaita wazazi wake nao wasikie. Alimwahidi Viola samaki wengine. Viola alishukuru, lakini akaomba wangoje kwanza mpaka kifua cha Kogo kipone.

Hiram alikuwa pale, akifunga soketi mpya juu zaidi ukutani. Alishuka kwenye stuli, akamgeukia Viola.

"Mtoto mzuri, mimi nimefanya kazi na stima tangu nikiwa kijana, na bado naiogopa. Haijui kwamba una haraka, wala haijui kwamba hukukusudia. Kwa hiyo fuata utaratibu hata siku ambayo unaona hakuna haja. Na ukikosea, sema mapema. Moto ukishikwa mapema huzimwa kwa mchanga kidogo. Uongo nao ni hivyo hivyo. Ukiachwa, unaunguza hata nyumba ya jirani."

"Nimesikia, fundi," alijibu Viola. Kisha akaenda kumshika Kogo mkono, wakatoka nje polepole kuota jua.