Barabara Iliyokataa Kupinda

Maiti ya Wakili Hilarion Tayabas ilikutwa asubuhi, imekwama kwenye kalavati la barabara mpya. Uso ulikuwa ndani ya tope, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu magharibi hadi karibu na alfajiri.

San Telmo nzima ilitikisika. Huyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa benki, ndiye mwenyekiti wa kamati ya barabara barazani, na bila saini yake hata jiwe halikusogezwa. Siku hiyohiyo mkulima Ruperto Galpo akatiwa rumande. Aliwahi kumwinulia wakili panga mkutanoni, barabara ilipopangwa kupita katikati ya mpunga wake.

Siku ya tisa, meya alipiga simu kituoni.

"Inspekta Abrenica, jioni ya leo Ruperto awe mbele ya hakimu."

"Ushahidi hautoshi, mheshimiwa. Marehemu hana jeraha la panga. Ana ufa kisogoni."

"Basi alimpiga kwa mpini! Kazi yako nikufundishe mimi?"

Inspekta Macario Abrenica aliweka simu chini, akavaa kofia, akarudi barabarani.

Mdomo wa kalavati ulikuwa umejaa mishumaa ya watu. Lakini hatua mia mbili juu yake, kando ya kiwanja cha makaburi ya zamani, palikuwa na kipande kimoja cha mshumaa peke yake, kimekingwa upepo kwa kopo.

"Huu mbona umepotea njia?" akamuuliza Crispulo, dereva wa rola.

"Labda mwenyewe haoni vizuri, bosi."

"Umekuwepo tangu lini?"

"Tangu asubuhi ileile. Nilipokuja kuwasha rola niliukuta unawaka. Baadaye ndipo nikasikia kelele kule kalavati."

Macario akachuchumaa. Kwao mshumaa huwashwa pale roho ilipotokea. Nani aliyejua mahali hapo kabla maiti haijaonekana? Akakwangua ukingo wa jiwe la mtaro. Katika ufa wake mlikuwa na damu iliyokauka. Mtaro ulishuka moja kwa moja hadi kalavati. Mvua ndiyo iliyombeba wakili.

Kipande kile kilikuwa na utepe wa buluu. Ni mshumaa wa Februari, unaobarikiwa kanisani, watu wakauweka nyumbani kwa ajili ya mtu anayekata roho.

Akaenda nacho nyumbani kwa marehemu. Walikuwa wakimalizia novena, zile sala za siku tisa. Mbele ya sanamu ya Bikira ilisimama mishumaa miwili ya utepe wa buluu. Kinara cha tatu kilikuwa kitupu. Aliyekuwa akiongoza sala ni Sabina, yaya aliyemlea wakili tangu kuzaliwa, bibi wa miaka sabini na kitu. Akakiona kipande mkononi mwa inspekta.

"Ni wangu, mwanangu," akasema taratibu. "Niache nifike amina."

Macario akavua kofia, akangoja.

Walikaa jikoni. Sabina akamsogezea kikombe cha kahawa, kama mgeni yeyote.

"Ulijuaje alifia pale, Nay?" akauliza, akimwita mama kwa desturi ya kwao.

"Nilikuwepo."

"Na Ruperto ukamwacha rumande siku tisa?"

"Chakula nilimpelekea kila siku. Kesho ningekuja mwenyewe. Ningekuja mapema, nani angemsalia Hilarion? Hao wanaolia sebuleni wanalilia benki."

"Ilikuwaje?"

Akaifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mwanangu amezikwa pale. Alikuwa na siku arobaini. Hilarion aliniahidi barabara itapinda. Jioni ile akanipeleka nikaone vigingi. Vimepita juu ya mwanangu. Nikamwambia, 'Umeniahidi.' Akasema, 'Yaya, siku arobaini hazina mifupa, kumebaki udongo tu. Barabara ikipindia udongo, mji utafika wapi?'"

"Ukamsukuma?"

"Nilimzaba kofi. Moja tu. Sikuwa nimempiga tangu alipokuwa na miaka sita. Akarudi nyuma, akateleza, kichwa kikapiga jiwe."

"Akafa papo hapo?"

Bibi akaendelea kufuta meza. Sebuleni mtu alikuwa akikusanya viti.

"Nay. Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Alikuwa akiniita. 'Yaya, Yaya.' Sauti ndogo."

"Kwa nini hukuita watu?"

"Unajua nilivyoingia nyumba hii? Nililetwa nimnyonyeshe. Mama yake hakuwa na maziwa. Wangu nilimwacha kule nyuma, bandani, na dada yangu, akinyweshwa maji ya wali. Siku aliyokufa nilimsikia akilia kutwa. Mimi nilikuwa ghorofani, Hilarion yuko kifuani, nimeambiwa nisiinuke mpaka asinzie. Sikuinuka. Basi na pale sikuinuka. Nikasema, leo na yeye alie."

Macario alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika neno.

"Halafu?"

"Halafu mvua ikaanza, na yeye akanyamaza," alisema Sabina. "Nikamsikiliza, nikamsikiliza. Hapo ndipo nikajua sina tena mtoto hata mmoja."