Mke Mkubwa wa Chumba cha Injini

Maji yalikuwa yamepungua lita moja na nusu, na sakafu ilikuwa kavu.

Spana, kama walivyomwita botini, alipiga magoti akapitisha kiganja chini ya injini, kwenye kila mpira na kila klipu. Mkono ulirudi na vumbi. Maji ya kupozea injini ile yalitiwa dawa ya kijani, na dawa hiyo huacha alama popote inapodondoka, tena hunukia utamu, kama peremende iliyoyeyukia mfukoni. Harufu ilikuwepo. Alama haikuwepo.

"Yamekwenda wapi?" alimuuliza mumewe.

Mumewe ndiye aliyekuwa Fundi Mkuu wa boti ile ya kuvuta meli bandarini. Alikuwa ameiegemea injini kama mtu anavyoegemea mlango wa kwake. Alikuwa na miaka kumi na sita humo chini. Mkewe alikuwa na wiki tatu kazini, fundi wa pili, na miezi miwili ya ndoa.

"Ongeza tu, mke wangu. Ana kiu."

"Ana?"

"Si nilikwambia huyu ndiye mke mkubwa?" Akacheka.

Mzaha huo ulijulikana botini kote. Mafundi wa injini huvua pete kabla ya kazi, maana pete ikinasa, kidole huenda nayo. Wengine huitia mfukoni. Fundi Mkuu, siku ya kwanza kurudi kazini baada ya harusi, aliivika kwenye kibomba kilichochomoza juu ya tangi la maji, mbele ya nahodha na baharia mmoja waliyemwita Kamba. "Usinune, bibie," alisema. "Na wewe nimekuoa." Nahodha akauliza, "Mahari je?" Fundi akamimina kikombe cha maji tangini. "Hiyo hapo." Kamba akapiga vigelegele mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo pete ilishinda palepale kila zamu.

Siku iliyofuata ile ya lita moja na nusu zilipungua tatu, na nahodha alikuwa na jibu lake mkononi.

"Miaka yote hii injini haijadai tone. Kashuka mwanamke, imeanza kunywa. Mimi simsemi mtu, nasema tu."

Hoja gani hiyo? Jogoo akiwika jua likachomoza, basi jua ni mali ya jogoo? Nati ikimlegea mwanaume ni uchovu wa chuma. Ikimlegea mwanamke ni uanamke wake. Spana alichukua spana zake, zile zilizompa jina, akashuka.

Alivuta kijiti cha oili: nyeusi, safi. Maji yangekuwa yameingia humo, ingegeuka rangi ya chai ya maziwa. Alitazama moshi: haukuwa mweupe wa mvuke, kwa hiyo gasketi inayozuia maji yasiingie kwenye silinda ilikuwa nzima. Pampu ya maji, kavu. Akafungua kipozeo, lile pipa jembamba ambamo maji ya bahari hupita kwenye mirija kuyapoza maji ya injini, akaijaribu mirija mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliotoboka. Kila mlango ambao maji yangetokea aliufunga na kuutia alama ya chaki.

Siku ya tatu zikapungua lita tano. Na asubuhi iliyofuata, nyumbani, aliamka ubavu umelowa.

Godoro upande wake lilikuwa limejaa maji ya kijani, yenye harufu ya peremende. Upande wa mumewe ulikuwa mkavu, shuka halina hata mkunjo.

"Umemwaga nini?" mumewe aliuliza, macho bado mazito.

"Mimi?"

Mwanamke mwingine angepiga yowe. Huyu alileta ndoo, akakamua shuka, akakanyaga godoro kwa miguu miwili, akapima. Lita tano kasoro kikombe. Hapo ndipo alipokaa sakafuni.

Mchana, boti ikiwa imefungwa gatini na injini imepoa, alifunga pampu ya mkono yenye geji ya shinikizo kwenye mdomo wa tangi, akasukuma hewa mpaka sindano ikafika kumi na tano. Akakaa akaitazama. Dakika ishirini sindano haikutikisika. Mumewe akashuka ngazi.

"Vipi?"

"Imeshika. Haivuji popote."

"Hongera, mke wangu."

Sindano ikashuka hadi kumi na nne.

Spana aliinua kidole. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulivyoniita."

"Mke wangu?"

Kumi na mbili. Ndani ya mabomba kitu kilimeza.

"Niite fundi," alinong'ona.

"Fundi."

Sindano ikatulia.

"Sasa nishike mkono."

Akamshika, na sindano ikaanguka hadi sifuri kwa mpigo mmoja, na chuma kilichokuwa baridi kikatoa joto kama tanuri lililofunuliwa, na ule utamu ukawajaa puani mpaka kooni, na chini ya mabati ya sakafu pakasikika vikuku vikiteremka kwenye mkono mrefu, mrefu kuliko mkono wowote wa mtu, vikija taratibu kuelekea alipokuwa amekaa Spana, mpaka pumzi ikamgusa kisogo na sauti ya kike, ya chini, isiyo na haraka, ikasema: "Muulize, miaka kumi na sita alikuwa akimpapasa nani."

Walipanda ngazi wakikanyagana. Lakini juu, kwenye mwanga, Spana aliuona uso wa mumewe. Ulikuwa na hofu, ndiyo. Pembeni mwa mdomo, hata hivyo, palikuwa na kitu kingine: uso wa mtu aliyesifiwa. Ukamchoma kuliko ile pumzi.

Walikwenda kwa shangazi yake Fundi Mkuu, mshonaji aliyezungumza na wasioonekana bila kuacha kukanyaga cherehani. Aliwasikiliza na pini mdomoni.

"Ulitamka kwamba umemwoa?"

"Ulikuwa mzaha, shangazi."

"Mahari?"

"Kikombe cha maji."

"Mashahidi?"

"Nahodha na Kamba."

Akatema pini kiganjani. "Basi wewe hujaingiliwa na jini. Una mke. Wenzetu wale hawana mzaha, mwanangu. Neno wanalichukua kama lilivyotoka."

"Afukuzwe," alisema Spana.

"Kwa kosa gani? Aliposwa akakubali. Mkosaji ni huyu bwana harusi wako." Akamgeukia mpwa wake. "Mwache kama ulivyomwoa: kwa mdomo, mbele ya mashahidi walewale, na pete uitoe kwake. Tena upesi. Leo kamlowesha mwenzake godoro. Kesho ni mapafu."

Asubuhi walisimama wanne chumba cha injini. Nahodha alikuwa amevua kofia. Fundi Mkuu alitazama tangi.

"Sema," alisema mkewe.

"Subiri kidogo."

"Nasubiri nini?"

"Huyu hajawahi kunizimikia kazini. Hata siku moja."

"Na mimi nimekuzimikia lini? Mimi ndiye ninayelala majini, baba. Sema!"

Akaivuta pete; ikamuunguza vidole. "Nimekuacha," alisema, na sauti ilimkatika.

Injini iliyozimwa ikagonga mara moja, ikagonga tena, mabati yakaanza kucheza miguuni mwao, kifuniko cha tangi kikaruka kikapiga dari, mvuke ukapanda mweupe ukichukua umbo la bega, kisha la shingo iliyogeuka kumtazama Spana peke yake, na pumzi ya kike ikavutwa ndani, ikavutwa, ikavutwa, bila kufika mwisho. Halafu kimya.

"Sijui hata nimpe pole nani," Kamba alinong'ona.

Spana alifunga pampu tena; sindano ikashika kumi na tano. "Mke wangu," mumewe alijaribu. Haikutikisika. Kulikucha godoro jipya likiwa kavu. Nahodha hakuomba radhi. Watu wa hoja zake huwa wasahaulifu.

Siku ya nne maji yalikuwa yamezidi.

Nusu lita juu ya alama. Spana akayapunguza. Kesho yake, lita nzima. Mirija imetoboka, alijiambia, bahari inaingia. Akafungua kipozeo upya: kizima. Akachovya kidole tangini, akaonja. Chumvi juu ya utamu. Lakini maji ya bandari ile yalikuwa baridi na yenye harufu ya dizeli, na haya yalikuwa safi, yenye joto la mwili, katika injini iliyolala tangu jana.

Asubuhi iliyofuata aliwahi. Taa ya chini ilikuwa inawaka. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, kitambaa cheupe mkononi, akifuta kioo cha kupimia maji kutoka juu kushuka chini, polepole, kama shavu.

"Basi," alikuwa akinong'ona. "Basi, bibie. Nyamaza, basi."

Spana alisimama ngazini, mkono kwenye chuma. Katika miezi ile miwili alikuwa amelia mbele yake mara mbili. Mara zote mbili mumewe alimwambia akanawe uso.