Kioo Hakisokotwi

Taa ya swichi iliwaka kabla waya haujachomekwa.

Heriel aliiona kwa macho yake, saa tatu asubuhi, ghorofa ya nne ya jengo la Augustino pale Kariakoo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la chuma, kichwa cha waya kikiwa bado mkononi na kifuniko chake hakijavuliwa. Tundu lilikuwa tupu. Taa ya kijani juu yake ilipepesa, ikatulia, ikapepesa tena, kama mtu anayekukonyeza. Fundi mwingine angeweka zana chini akajiuliza. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi na Augustino, ambaye alikuwa amepiga simu mara sita tangu alfajiri kuuliza kama mtandao umerudi. Heriel akavua kifuniko, akachomeka waya, akateremka.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Augustino aliuza vitenge kwa jumla. Duka lilikuwa chini na ghala ghorofa ya nne, kila mahali na swichi yake, kisanduku cha kugawa mtandao. Swichi mbili hazizungumzi bila waya kati yake, na kwa miaka mitano waya huo ulikuwa wa shaba. Shaba ni mtumwa mzuri wa safari fupi. Ukivuka mita mia moja hufika imeshasahau ilichotumwa, na waya wa Augustino ulizunguka jengo zima kabla ya kupanda. Tena kila masika radi ilishuka nao ikaunguza swichi. Heriel akamshauri aweke faiba, uzi wa kioo mwembamba kama unywele unaopitisha mwanga badala ya umeme. Mwanga hauchoki njiani wala hauogopi radi.

"Ubaya wake?" Augustino aliuliza.

"Mmoja tu, bosi. Shaba ikikatika naimenya kwa meno, naisokota, kazi inaendelea. Kioo hakisokotwi. Kikikatika ndiyo basi, mpaka nikaazime mashine ya kuunganishia kule Ilala."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia. Ndani ya faiba moja mna nyuzi kadhaa, na Heriel alikuwa amebakiza mmoja. Kutoka swichi ya chini aliupitisha hadi paani, akauvusha uchochoro, akauingiza katika chumba cha ghorofa ya pili alichopanga na mdogo wake Ritha, upande wa Msimbazi. Huko uliishia kwenye kiboksi kidogo ukutani, na wao wakapata intaneti ya bure. Wizi mdogo, wa kifundi. Aliufanya kwa ajili ya Ritha, kama alivyofanya karibu kila kitu. Alimlea tangu darasa la tatu, mama yao alipofariki Machame, na sasa binti ana miaka ishirini na mbili, ndiye mtunza ghala wa Augustino huko juu. Heriel hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Swichi ya chini ilikaa katika stoo ya nyuma, jirani na vyumba viwili vya Bi Sabaha. Kiwanja chote kilikuwa cha ukoo wa bibi huyo. Nyumba yao ya zamani ilipobomolewa ili ghorofa lipande, alikubali kutia saini kwa sharti moja, kwamba stoo ile isiguswe kuta zake wala sakafu yake. Chini ya ukuta, usawa wa kifundo cha mguu, ulizunguka waya mnene wa shaba, wa kale, umepigiliwa kwa misumari. Heriel alidhani ni waya wa kuzuia radi. Akatoboa tundu chini yake, akapenyeza faiba.

Bi Sabaha alikuja mlangoni siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho unachopitisha, baba, ni shaba?"

"Hapana, ni kioo. Kinapitisha mwanga."

Bibi akautazama ule uzi kwa muda mrefu. "Kitoe," alisema. "Leo hii."

Heriel akacheka kwa adabu, akaendelea na kazi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku tatu baadaye ghala la juu lilianza kunuka. Kwanza udi, harufu tamu ya harusini, kisha chini ya udi harufu ya nywele zilizoungua. Wapagazi wakaanza kutupa mizigo ngazini badala ya kuiingiza ndani. Mmoja alisema alisikia mtu akichana nywele nyuma ya marobota, kwaru, kwaru, taratibu, na alipochungulia hakukuwa na mtu ila Ritha, ameketi mezani, mikono yake yote miwili juu ya daftari.

Siku ya Jumatano, saa saba mchana, Augustino alimwita Heriel dukani. Alimwonyesha tu skrini ya kamera.

Ritha alikuwa ghalani peke yake, ameipa kamera mgongo. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa. Fungu moja la nywele lilinyanyuka lenyewe hewani, likanyooka, likashuka polepole, likalala begani, kisha jingine likanyanyuka kando yake, likagawanywa katikati kwa mstari ulionyooka kama uliopimwa, na Ritha hakugeuka, hakutikisika, aliinamisha tu kichwa kidogo upande kama mtoto anayesukwa na mama yake, mpaka moshi mwembamba ulipoanza kupanda kutoka kwenye ncha za nywele na mabega ya binti yakaanza kutetemeka.

Heriel alipanda ngazi za ghorofa nne bila kujua amepandaje. Alimkuta Ritha analia bila sauti.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu Jumatatu, kaka. Nikitulia ananichana. Nikitaka kuinuka ananichoma." Akainua nywele. Nyuma ya shingo palikuwa na vidonda vinane vidogo, vimepangana sawasawa kama meno ya kitana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema nikikwambia, ataanza na macho."

Nani asingekwenda kwa Bi Sabaha baada ya hapo? Heriel na Augustino walikwenda pamoja, vichwa chini. Augustino, mzee wa kanisa huyo, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Bibi hakuwaonea huruma wala hakujifanya kuwaonea. "Babu yangu alimfunga yule bwana mle stooni," alisema. "Ni jini makata. Alikuwa amewamaliza wanawake watatu wa nyumba hii, akiwachana mpaka kitana kikafika kwenye mfupa wa utosi. Jini ameumbwa kwa moto, na shaba humbana. Waya zenu zile za zamani ziliingia na kutoka miaka yote, hakuweza kuzishika. Kisha wewe fundi ukamtengenezea barabara ya mwanga. Mwanga ni moto, baba. Ulitegemea apite nani?"

"Tufanyeje?" Heriel aliuliza.

"Ijumaa saa saba, watu wakiwa wameingia kuswali na mtaa umetulia, nitamvuta kwa udi arudi chini. Akishafika, nitakwambia, nawe utakata. Usitangulize mkono. Akikatiwa njia, alipo ndipo atakapobaki, na atakayemkuta hapo atakaa naye mpaka kaburini. Akiwa chini, shaba ya babu itamshika." Akamkazia macho. "Njia yake ni hiyo moja tu?"

Heriel alihisi macho ya Augustino shavuni. Aliuona ule uzi wa paani, aliona aibu, aliona atakavyofukuzwa kazi yeye na Ritha pia. Kile ni kiboksi tu, aliwaza. Baadaye nitakichomoa mwenyewe, kimyakimya.

"Moja tu, bibi."

"Una hakika? Haina tawi?"

"Haina."

Hapo, msomaji, ndipo alipomuua mdogo wake, kama neno ni hilo. Mengine yote yalikuwa kufuata tu.

Ijumaa alimtoa Ritha ghalani mapema, akampeleka nyumbani, akampa maji, akamlaza kitandani, akamfunika kwa kanga ya marehemu mama yao. "Usifungue mlango. Huku hakuna kitu kitakachokupata. Nakuja sasa hivi."

"Usichelewe, kaka."

Saa saba maduka yalifungwa. Wasukuma mikokoteni walikuwa wamelala juu ya mikokoteni yao, na Kariakoo ilikuwa kimya kwa namna ambayo haijazoeleka, jua la utosi limesimama juu ya mabati. Ndani ya stoo Bi Sabaha alipiga magoti mbele ya chetezo. Augustino alishika Biblia. Heriel alishika koleo, mdomo wa koleo umeuzunguka uzi wa ghorofa ya nne bila kuugusa.

Kwanza ikaja harufu. Iliteremka na lile tundu la ukutani, nzito, ya udi na nywele mbichi zinazoungua, na taa ya swichi ikaanza kupepesa upesi kuliko data yoyote Heriel aliyowahi kuiona, halafu stoo nzima ikawa na joto kama mtu amefungua tanuri, na katikati ya joto hilo, karibu kabisa na sikio lake, kitana kikaanza kuchana kitu kisichokuwepo, kwaru, kwaru, kwaru.

"Yuko chini," alinong'ona bibi. "Kata."

Koleo likauma. Taa ikazimika. Joto likaondoka pale pale, na harufu ikakatika kana kwamba haijawahi kuwepo. Augustino alianguka chini akicheka na kulia.

Bi Sabaha hakucheka. Aliweka kiganja juu ya waya wa shaba ukutani, akakiondoa, akakiweka tena. "Shaba ni baridi," alisema. "Hakuna kilichoshikwa."

Na mwisho kabisa wa swichi, katika tundu ambalo halikuandikwa jina, taa ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa.

"Na hiyo ni ya nini?" Augustino aliuliza.

Heriel alikuwa ameshatoka. Alikimbia uchochoroni akiruka mikokoteni na miguu ya waliolala, akakwaruzwa bega na ukuta, akapanda ngazi za upande wa Msimbazi tatu tatu huku akihesabu kichwani kama fundi mjinga kwamba uzi ule una mita themanini na labda jini hutembea kama mtu, labda husita kwenye kona, labda anaweza kumuwahi, na alipofungua mlango kwa ufunguo uliokuwa ukimtoroka vidoleni alimkuta Ritha amelala kimya chini ya kanga, chumba kina harufu ya sabuni na mafuta ya nazi, hakuna udi, hakuna moto, hakuna sauti, na moyo wake ukapiga kelele kwamba amewahi.

Akauvuta uzi kutoka ukutani. Akaukata.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Augustino, lakini sauti ni ya bibi.

"Heriel, Augustino ameniambia kuna waya wa pili. Sikiliza, mwanangu. Yule bwana ameshapita huko. Usikate. Kwa kuwa njia ipo nitamwita, atarudi. Umenisikia? Usikate chochote."

Heriel alitazama ncha mbili za uzi sakafuni.

"Mwanangu," sauti ya bibi ikashuka. "Umekata?"

Nyuma yake kitanda kililia. Harufu ya udi ilipanda taratibu kutoka kwenye mto. Ritha alikuwa ameinuka, ameketi, uso umeelekea ukutani, na nywele zake zilianza kunyanyuka fungu kwa fungu.

Heriel alipiga magoti sakafuni, akaokota ncha mbili za uzi. Akazimenya kwa meno. Akazilaza pamoja kati ya vidole, kama alivyozoea kulaza shaba, akaanza kusokota. Kioo kilivunjika vipande vidogo visivyoonekana, vikaingia chini ya ngozi, damu ikateleza, naye akatafuta ncha mpya, akamenya, akasokota tena.

"Kaka," Ritha alisema kwa upole, bila kugeuka. "Anasema ahsante. Kule kulikuwa na watu wengi mno."

Kwaru, kwaru.

Simuni bibi alikuwa ameanza kusoma dua ya maiti. Heriel aliendelea kusokota.