Biskuti za Mapacha, Sinia la Njugu

Kila asubuhi harufu ya njugu karanga iliamsha watu wa ploti ile ya mtaa wa Kondele. Ni Achola aliyekuwa akikaanga. Aliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, na mchanga ukipata moto alimimina njugu na kuzikoroga kwa mwiko. Zikiiva, alizichekecha, akazitandaza kwenye sinia la bati zipoe, kisha akazisugua kwa kitambaa ili maganda yatoke. Jua likichomoza, yuko steji ya boda boda, njugu zimejaa kwenye vikaratasi alivyokunja kama pembe.

Achola alikuwa na mapacha, Apiyo na ndugu yake Odongo. Kwa hiyo watu walimwita Min Rude, yaani mama wa mapacha. Kwao, mapacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Tangu waache kunyonya, watoto hao walikula sahani moja.

Lakini njugu ziliingia kati yao. Siku moja Apiyo alitafuna njugu chache tu. Midomo ikavimba, ngozi ikatoka vipele, akatapika. Hospitalini daktari alisema, "Mwili wa mtoto huyu unakataa njugu. Asile tena, hata moja."

Tangu hapo, Odongo akipewa njugu zake, Apiyo alikaa kando akilia.

"Mama, mimi nimekosa nini?" aliuliza.

Swali hilo lilimkaa Achola moyoni. Siku yao ya kuzaliwa ilipokaribia, aliamua kuwapikia biskuti zisizo na njugu, ili wale tena pamoja.

Alichemsha kiazi kitamu, akakiponda. Akachanganya na unga wa ngano, siagi, sukari na yai. Akachukua sinia lake, akalipangusa vizuri kwa kitambaa, akapanga biskuti juu yake. Akaliweka sinia juu ya mchanga wa moto ndani ya sufuria, akafunika, akatia makaa juu ya mfuniko. Zilitoka zimegeuka rangi ya dhahabu, na watoto wakashangilia.

Apiyo alimaliza moja, akashika ya pili. Halafu akaanza kujikuna shingo.

"Mama, koo linaniwasha."

Achola alimtazama. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba.

"Lakini sikutia njugu," alisema. "Sikutia, nyathina, mtoto wangu, sikutia."

Akakimbilia maziwa. Alikuwa amesikia watu wakisema maziwa huua sumu. Alikuwa akimfungua Apiyo mdomo wakati jirani yao Nangila alipoingia. Nangila alikuwa muuguzi wa zahanati. Alisikia pumzi ya mtoto ikitoka kama filimbi.

"Weka hicho kikombe chini, Min Rude. Hapumui vizuri, maziwa yatampalia. Baba yake yuko wapi?"

"Steji."

"Mpigie simu. Aje na pikipiki sasa hivi. Wewe mkalishe wima, usimtembeze."

Oluoch, baba mapacha, alifika kabla Achola hajapata viatu. Achola alikwenda hivyo hivyo, miguu mitupu, mtoto kifuani. Njia nzima aliisikiliza ile filimbi. Aliogopa ikisikika, na aliogopa zaidi isiposikika.

Hospitalini walimchoma Apiyo sindano pajani. Pumzi ikafunguka polepole. Daktari aliwakataza kurudi nyumbani upesi. Alisema hali hiyo inaweza kurudi hata baada ya mtoto kupata nafuu.

Waliporudi, Nangila alikuja kuwaona. Oluoch alijaribu kucheka.

"Sista, hii ni ajabu gani? Mtoto wa muuza njugu anakataa njugu. Ni kama mtoto wa mvuvi wa Usenge akimbie omena, dagaa wa ziwani."

"Na hao wapo, Bwana Oluoch. Nimewatibu."

"Lakini hawa walilala tumbo moja," Achola alisema. "Mbona Odongo hadhuriki?"

"Nani huamka mapema, ni Odongo?"

"Huyo? Ukimwamsha anakupiga teke. Apiyo ndiye humvuta blanketi."

"Basi. Tumbo lilikuwa moja, miili ni miwili. Sasa nionyeshe ulivyopika."

Achola alileta sinia, sufuria na kitambaa. Nangila alikinusa kitambaa.

"Hiki kinafanya kazi gani?"

"Nasugulia nj…" Achola hakumaliza. Aliketi chini. "Nangila, nimempikia mtoto wangu sumu siku yake ya kuzaliwa."

"Hukujua. Ulijua kutotia njugu, hukujua kwamba zilikuwa zimeshatangulia. Vumbi la njugu liko kwenye mchanga, kwenye sinia, kwenye kitambaa, hata mikononi mwako. Kwa Apiyo, hilo vumbi linatosha. Moto hauliui."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Apikiwe kwa vyombo vyake peke yake. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Biskuti za dukani, soma pakiti kila mara, hata kama ulinunua ile ile juzi. Zisizo na maandishi, muulize aliyezipika. Akisema 'sidhani', ziache. Mwambie mwalimu wake, na mama wa Sunday school pia. Na ukiona midomo imevimba au pumzi imebadilika, usingoje, usitafute maziwa. Ni hospitali."

Achola aliitazama sufuria kubwa iliyomlisha miaka yote. Alimtazama mumewe.

"Na hii?"

Oluoch alikuna kichwa. "Njugu ni kazi tu. Kazi inabadilishwa."

Sufuria, mchanga, sinia na kitambaa vilikwenda kwa shangazi yake Oluoch, upande wa pili wa mji. Nyumba ikaoshwa kwa sabuni kila pembe. Achola alinunua sufuria mpya na sinia jipya, akatafuta mchanga safi. Akapika tena biskuti za kiazi kitamu, safari hii akatia na ganda la limau lililokwaruzwa. Nangila aliketi karibu watoto walipokula.

Apiyo alimaliza moja. Achola alimtazama shingo, midomo, macho.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Apiyo aliuliza. "Niongeze."

Siku hizi watu wa steji hununua biskuti za Min Rude. Mwanzoni walinung'unika, wakamwambia njugu zake hazikuwa na mfano. Akawaeleza kwa nini ameziacha. Siku hiyo hiyo dereva mmoja alimpigia mke wake simu amchunguze mtoto wao, ambaye huvimba midomo na wao hudhani ameumwa na wadudu.

Na nyumbani, biskuti ikibaki moja sahanini, mapacha huishikilia wote wawili.

"Ni yangu."

"Wewe umekula nne."

"Wewe je?"

Zamani Achola angewaamua. Sasa huwaacha wagombane, maana wanagombea sahani moja.