WALIIACHA MASHINE YANGU IPASUKE KWA BARIDI!

Nilifungua mlango wa gereji asubuhi nikapiga kelele!

Mashine yangu ya kuoshea kwa presha haikuwepo. Mahali pake palikaa pikipiki ya theluji ya shemeji yangu Brody, inang'aa, imekula joto.

Yangu niliikuta nyuma ya nyumba. Theluji imeifunika. Baridi ya Manitoba, huku Kanada, siku hiyo… nyuzi hasi thelathini!

Ndugu zangu mnaonisoma, maji yakibaki ndani ya pampu yanaganda, yanavimba, chuma kinapasuka. Mashine kwisha!

"Lorne! Nani ameitoa?"

Mume wangu hata kahawa hakuiweka chini. "Brody aliomba nafasi. Ni mashine tu, Verna."

Mashine tu? Siku ile ile nilitakiwa kuosha banda la kuku la Bi Friesen. Vifaranga wanaingia jioni, na banda chafu haliingizi kifaranga. Nikifanya vizuri, mabanda yake yote yangekuwa kazi yangu mwaka mzima.

Mara Brody huyo, naye ana mashine yake ya kuoshea nyuma ya pikapu.

"Pole shemeji. Wewe kaa, nitaenda mimi kwa Bi Friesen."

"Nani kakwambia yangu imekufa?"

Akacheka. "Imelala nje, shemeji! Hiyo ni maiti."

Nikaipakia maiti yangu, nikawasha gari. Sibembelezi mtu mimi!

Brody alipita mgahawani kwanza, kujitapa kwa wenzake kwamba kazi ni yake. Mashine yake ikabaki nyuma ya pikapu, wazi, inapigwa na upepo.

Alipofika bandani, mimi nilikuwa nimeshaisogeza yangu ndani kwenye joto.

"Anza wewe," nikamwambia.

Akavuta kamba. Injini ikanguruma… kisha TWAA! Maji yakamwagika chini ya pampu. Imepasuka!

"Haiwezekani! Nilimwaga maji yote!"

"Ya kwenye mpira tu," nikasema. "Ya kwenye pampu uliyamwaga lini?"

Akainama kuitazama pampu.

Nikavuta kamba ya yangu. Bi Friesen akashika kifua. "Verna, itakulipukia!"

Ikawaka. Kwenye bunduki yake ya kurushia maji kikatoka kitu cha pinki, kizito, kikachafua theluji mlangoni. Halafu maji safi… kwa nguvu zote!

"Nini hicho?"

"Dawa ya kuzuia kuganda, mama. Kila nikimaliza kazi naipitisha kwenye pampu mpaka itokee mbele. Hata kama nailaza ndani."

"Ndani kuna joto, ya nini tena?"

"Gereji ina mlango, mama. Na mlango una ndugu."

Alicheka mpaka akakohoa. Brody akatoa simu, kapandwa na hasira, akaweka sauti kubwa bila kufikiri.

"Kaka, ulisema yake imekufa!"

Sauti ya mume wangu ikajaa banda zima.

"Haiwezi kuwaka! Nimeisukuma nje kwa mikono yangu! Nilikwambia lazima huyu mwanamke arudi jikoni!"

Jamani! Sio Brody. Ni Lorne! Mtu ninayelala naye!

Niliosha lile banda huku nalia, lakini niliosha. Vifaranga waliingia. Bi Friesen akanipa mabanda yote, mbele ya Brody.

Nyumbani Lorne alinisubiri mlangoni.

"Mke wangu, watu kanisani wananicheka. Wanasema unanuka kuku…"

"Na wewe unanuka nini, Lorne? Gereji hii, joto hili, paa hilo, vyote vimejengwa na hiyo harufu!"

Nikaisukuma pikipiki ya Brody nje. Chombo cha theluji kikae kwenye theluji. Nikabadilisha kufuli la gereji, ufunguo nikauning'iniza shingoni.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe chagua. Kaa na mke anayenuka kazi, au mfuate ndugu yako."

Wapendwa, adui wa riziki yako si lazima atoke mbali. Kilinde chombo chako kwa mikono yako mwenyewe, kila siku, hata nyumbani kwako.

Lorne bado hajajibu. Mimi kesho nina banda la kuosha.